Kiti Kinachotazama Nyuma

Kiti changu kilikuwa nyuma ya nahodha, upande wa kushoto, na kilitazama nyuma. Miaka yote niliyofanya kazi bwawani sikuona boti inakokwenda. Niliona inakotoka: povu, wimbi, mgeni juu ya ubao wake, na kingo mbili za msitu zikisogeleana kwa mbali hadi zikagusana. Sasa daktari wa Msambweni amesema mgongo wangu hautaki tena kurushwarushwa, na tajiri mwenye boti amekubaliana naye upesi kuliko nilivyotarajia. Kwa hiyo nimestaafu. Wenzangu wananiita mstaafu kwa kejeli, kwa kuwa kichwani sina hata unywele mmoja mweupe. Wangeuona uti wangu wa mgongo kwenye picha ya daktari wangeniamkia shikamoo.

Nyinyi wawili mliochukua nafasi yangu mliniomba niwaandikie nilichojifunza. Sina hakika kama nilijifunza. Nitawaandikia nilichokiona, nanyi mtakitilia shaka kama nilivyofanya mimi.

Nilikwenda pale nikiwa na shahada ya fizikia na barua nyingi za maombi ya kufundisha ambazo hazikujibiwa. Mjomba wangu, mwenye duka la vipuri pale Ukunda, alisikia kwamba kuna mtu anatafuta kijana anayejua kuogelea, anayeweza kuzungumza na wageni, na asiyeumwa tumbo akikaa kinyumenyume. Akanitaja. Sikuulizwa kuhusu fizikia, na mimi sikuitaja, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuiona ikipongezwa kisha ikiwekwa kando.

Bwawa lenyewe mnalijua. Lilichimbwa nyuma ya vilima na kampuni iliyotaka kulima, ikalima kidogo, ikaondoka. Ilituachia maji, na ndani ya maji ikatuachia msitu ambao hakuna aliyejali kuukata kabla ya kuuzamisha. Miti ile ilikufa imesimama. Mingine imeanguka ikabaki visiki chini ya uso wa maji, na maji yake ni meusi, hayaonyeshi kitu. Pande zote kuna msitu mwingine, ulio hai, wenye tumbili na vipepeo, na upande wa kaskazini kuna ghuba ambako ndovu hushuka kunywa.

Siku ya kwanza niliuliza kwa nini watu waliokuja mpaka Diani kwa ajili ya bahari wapakiwe kwenye gari, wapandishwe vumbi lote lile, waletwe kwenye bwawa. Nikajibiwa kwamba mchezo huu unataka maji yaliyolala, ili boti itengeneze wimbi lake yenyewe. Nikafikiri: basi tunawatoa watu kwenye mawimbi ya bure tukawauzie ya kutengeneza. Mpaka leo sijapata jibu zuri zaidi ya hilo, na niliacha kulitafuta.

Mchezo nitaueleza, maana hata nyumbani kwetu wapo wanaodhani nilikuwa navua kambale. Boti inajazwa mifuko mikubwa ya maji upande mmoja wa tezi, yaani sehemu yake ya nyuma, mpaka inalalia ubavu kama mtu aliyechoka. Ikienda na uzito huo kwa mwendo wa wastani inaacha nyuma yake wimbi moja nono ambalo halivunjiki. Mgeni anaanzia ndani ya maji, nyayo zake juu ya ubao, kamba mkononi. Boti inamvuta, anasimama, anajisogeza mpaka wimbi limshike, kisha anaitupa kamba. Kuanzia hapo havutwi na mtu. Anateleza kwenye mteremko wa maji unaotembea naye, karibu na tezi kiasi cha kuweza kuzungumza nasi, mpaka achoke au aanguke. Wengi huanguka.

Kazi yangu ilikuwa kumtazama. Mgeni akitupa kamba, niivute ndani mara moja isije ikajisokota kwenye rafadha ya injini. Akianguka, nimwambie nahodha na niinue bendera nyekundu. Akisema kitu, nikipeleke mbele. Ni kazi ya macho na ya kutochoka, na hiyo ya pili ndiyo iliyonishinda.

Nahodha wangu alikuwa Shee, mtu wa Shimoni, aliyemaliza ujana wake baharini na kuletwa bwawani kwa sababu ya visiki, vilivyotaka nahodha mzoefu. Alivijua kwa miguu. Mwaka mmoja wa kiangazi kikali maji yalishuka sana, naye akatembea juu ya tope akikagua kila kisiki kama mtu anayekagua nyumba kabla ya kupanga. Baada ya hapo aliendesha akitazama mbele, na mbele tu.

"Mimi sigeuki nyuma," aliniambia siku ile ya kwanza, kabla hajaniuliza jina. "Nikigeuka, tumepanda kisiki. Macho yangu ni ya mbele, yako ya nyuma. Tukiungana twawa mtu mzima mmoja."

"Na tusipoungana?"

"Basi sote vipofu, mwanangu. Vaa jaketi."

Mengine alinifundisha kidogo kidogo, nami nawapa kwa mkupuo. Mifuko ya maji ijazwe kabla ya wageni kupanda, kwa sababu mgeni akiona boti inalala ubavu hudhani inazama, na huwezi kumtoa wazo hilo kwa maneno. Mgeni akiwa majini karibu na boti, injini izimwe; isipunguzwe, izimwe. Asikae mtu kwenye ngazi ya nyuma injini ikiwaka. Moshi wake hujikusanya hapo na hauna harufu ya kukutisha. Niliwahi kumwondoa pale bibi harusi mmoja aliyekuwa ameanza kusinzia na kusema kichwa kinamuuma. Mumewe akanishukuru. Bibi harusi mwenyewe alinuna hadi tukafika hotelini, akidhani nimemwonea wivu kwa kukaa mahali pazuri pa kupigia picha.

Kuna mwingine aliyeanguka karibu na gogo linaloelea, akaapa ni mamba, akapanda juu ya mti uliokufa na kukataa kushuka. Nahodha alizima injini na kuanza kula mhogo wake wa kukaanga. Nilipomuuliza tufanye nini, alisema mti ule una siafu. Mgeni akashuka mwenyewe baada ya muda mfupi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hasa limenifanya niandike.

Upande wa mashariki, msitu unapopungua, kuna mahali akina mama wa kijijini huchota maji. Walichonga ngazi za udongo kwenye ukingo, wakazishikiza kwa fito na mawe, na juu yake wakalima mchicha na bamia. Aliyewaongoza ni Mama Mbeyu, mwanamke wa Kiduruma mwenye sauti ya kuvuka maji bila kupaza. Pale ndipo pa karibu. Pakiharibika, wangelazimika kwenda ghuba ya kaskazini, kwa ndovu. Dada yake Mama Mbeyu aliwahi kwenda huko na mtungi kichwani akarudi bila mtungi na bila kiatu kimoja, na kijiji kizima kilisema ana bahati.

Tulikuwa na boti moja na manahodha wawili. Asubuhi aliendesha Shee. Mchana aliendesha Kevo, kijana wa bara aliyejifunzia boti kwenye ziwa la huko kwao, mwenye miwani ya jua na muziki wake. Njia yetu iliupitia ukingo ule, na kila mmoja aliupita kwa namna yake.

Kevo alipita katikati ya bwawa kwa mwendo ule ule, bila kugeuza shingo. Akina mama walimwinulia mikono, hakuona, au aliona akadhani wanamshangilia.

Nahodha Shee hakuweza kufanya hivyo. Huko alikolelewa, chombo chenye injini kikimkuta mtu na wavu wake au mama anayeokota kombe ufukweni, kinasogea, kinapunguza, kinatoa salamu. Kumpita mtu anayetafuta riziki bila neno ni sawa na kumkanyaga. Na salamu haitolewi kwa mbali. Kwa mbali ni kuita, si kusalimu. Kwa hiyo kila asubuhi alisogea karibu na ukingo, akapunguza mwendo, akazima injini, akainua mkono, akauliza habari za kuamka, za watoto, za mvua. Akina mama wakajibu zote. Nyuma, wimbi la mgeni lilikuwa limekufa naye yuko majini mpaka shingoni, akitazama mazungumzo asiyoyaelewa. Mara nyingine walimsalimu na yeye. Salamu zikiisha, nahodha alimtaka ashike kamba tena, akaongeza mwendo, safari ikaendelea. Wageni walilalamika. Tajiri aliwaambia ni utamaduni wa mahali, nao wakanyamaza, wengine wakapiga picha.

Ukingo ukaanza kumeguka. Kwanza ngazi ya chini, kisha iliyofuata, kisha tuta zima la bamia likaingia majini na fito zake. Mama Mbeyu alikuja kwenye gati letu akiwa amevaa leso yake ya kutokea, akasalimu kila mtu kwa zamu, akakaa, akakataa chai, ndipo akasema. Alimwambia Nahodha Shee kwamba wao hawana neno naye. Yeye ana adabu. Ila yule kijana wa mchana, anayewapita kama mbuzi, anawabomolea. Msimu huu ukiisha hawatakuwa na pa kukanyaga, na wao kwa ndovu hawaendi.

Tajiri alikuwapo. Hakutaka ugomvi na kijiji. Akasema mwisho wa wiki Kevo atapewa kazi nyingine Diani, na safari zote zitaendeshwa na Nahodha Shee. Mama Mbeyu akashukuru, akakubali chai.

Kevo alinifuata kwenye kibanda cha majaketi. "Hao wamama wananionea bure," alisema. "Mimi hata huwa siko karibu nao. Wewe ndiye huangalia nyuma. Wimbi langu huwafikia?"

Lilikuwa swali zuri, na nilikuwa na jibu lake. Wimbi la Kevo lilitoka katikati ya bwawa, likatawanyika njiani, na kufika ukingoni likiwa limechoka kama mimi. La nahodha lilikuwa jambo jingine. Kupunguza kwenyewe kulileta maji ya kwanza. Lakini baya lilikuwa kuongeza. Boti iliyojaa mifuko ikianza kuondoka polepole, omo, yaani pua ya boti, inainuka, tezi inachimba, na maji yanayotupwa hapo ni mazito kuliko ya safari nzima. Naye aliyatupa pale pale, hatua chache kutoka kwenye ngazi, kila asubuhi. Yalipogonga udongo yeye alikuwa ameshakunja kona. Akina mama walikuwa wameshajitwika mitungi yao, wamewapa maji mgongo. Waliporudi mchana walikuta pamemeguka, na aliyekuwa akipita wakati huo ni Kevo. Kati yetu wote aliyeona udongo ukianguka ni mimi, kwa sababu ya kiti.

Nilimwambia Nahodha Shee asubuhi iliyofuata, tukiwa kazini. Tulikuwa tumepeana migongo kama kawaida, na nadhani uso kwa uso nisingeweza.

"Nahodha, nina neno, na si zuri."

"Mgeni yuko juu?"

"Yuko juu. Ni la pale kwa akina mama."

"Pana nini?"

"Anayepabomoa si Kevo. Ni sisi wa asubuhi."

Mwendo haukubadilika. Nilimweleza yote nikimtazama mgeni, na mgeni, bila kujua anasaidia, hakuanguka. Nilipomaliza nahodha akauliza kama hayo nimeyasoma chuoni au nimeyaona. Nikamwambia nimeyaona.

"Kila siku?"

"Kila siku unapoongeza mwendo, tukiondoka."

"Mimi sigeuki nyuma," alisema, si kwa kujitetea. Alisema kama mtu anayesoma kibao cha njia aliyokwisha kuipita.

Siku ile hakusogea ukingoni. Hakujua afanye nini, kwa hiyo alipita mbali, akatazama mbele, na niliona akina mama wakisimama na mikono yao juu, kisha wakaishusha mmoja mmoja.

Kesho yake hatukuwa na wageni. Nahodha alimwambia Kevo ajaze mifuko yote, asiulize. Yeye na mimi tukaenda kwa miguu, kwa njia ya msituni, hadi pa kuchotea. Mama Mbeyu alikuwapo na wenzake, mitungi imepangwa. Waliitikia salamu zake nusunusu.

"Jana ulitupita, bwana nahodha," Mama Mbeyu alisema. "Tukasema labda kuna msiba."

"Hapakuwa na msiba. Naomba tuketi kidogo, mama. Nina kitu nataka tukione sote."

Tukaketi. Nikainua bendera kumpa Kevo ishara. Kevo akapita kwa namna yake, katikati, muziki juu, hakugeuka. Tukangoja. Maji yakaja yakalamba ngazi ya chini, yakarudi. Mwanamke mmoja akasema kumbe leo kijana anajionyesha ana adabu. Nikainua bendera mara ya pili. Kevo akarudi, akasogea karibu, akapunguza, akainua mkono, akasema shikamooni kwa sauti kubwa kama alivyoagizwa. Akina mama wakacheka. Akaongeza mwendo, omo ikainuka, akaondoka, akakunja kona.

Wakaanza kuinuka wachukue mitungi. Nahodha akawaomba wakae.

Wimbi lilifika likiwa limejikunja. Lilipanda ngazi, likachukua fito mbili na mtungi mmoja wa plastiki, wa njano, na liliporudi liliacha kimya kifupi, kisha kipande cha ukingo chenye upana wa kitanda kikashuka ndani ya maji taratibu, na mchicha wake juu.

"Mnaona?" Mama Mbeyu alisema. "Huyu mtoto amekusudia kutumaliza. Mbele yako kabisa."

Hapo ningeweza kusema mimi. Nahodha alinionyesha kiganja ninyamaze. Alikuwa bado anautazama udongo. Nadhani hakuwahi kukaa mahali akaona kile ambacho boti huacha.

"Hapana, mama," alisema. "Mara ya kwanza amepita kama anavyopita yeye. Hii ya pili ndivyo ninavyopita mimi."

Mtungi wa njano ulielea ukienda zake, ukagota kwenye mti uliokufa. Mama Mbeyu alimtazama nahodha, akautazama ukingo, akafunga leso yake upya kiunoni ingawa haikuwa imelegea.

"Basi adabu yako yauma, nahodha," alisema mwishowe. Na wenzake, ambao nadhani walikuwa wanangoja ruhusa, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nahodha hakucheka. Akaomba radhi, kwa maneno machache, akisimama.

"Na sasa?" Mama Mbeyu akauliza. "Utatupita kama mbuzi?"

"Boti itawapita. Mimi sitawapita."

Sikuelewa alichomaanisha hadi asubuhi iliyofuata, nilipofika gatini nikakuta mifuko haijajazwa na nahodha hayupo. Alitokea msituni, suruali imekunjwa, miguu imelowa umande. Alikuwa ametoka kusalimu. Kisha akapanda boti, akaipitisha katikati ya bwawa kwa mwendo ule ule, na tulipokuwa mbele ya akina mama hakuinua mkono. Wao pia hawakuinua. Walikuwa wameshaonana.

Kevo hakuhamishwa. Wiki ile nahodha alimburuta kwenda naye kusalimu. Kevo akasema "Mambo, mathe," akaulizwa kama mama yake alimzaa au alimwokota, akafundishwa kuamkia upya tangu mwanzo, na kwa siku nyingi Mama Mbeyu alimwitia wenzake wamsikilize akijaribu. Wageni sasa walikuwa wanaelea juu ya wimbi bila kukatizwa. Wachache waliowahi kuja zamani waliuliza kulikoni, utamaduni wa mahali umekwenda wapi. Tajiri hakujua la kuwajibu. Mimi nilijua, lakini nilikuwa nimechoka, na kamba ilitaka kuvutwa.

Ukingo haukurudi. Kilichoingia majini kimeingia. Akina mama walichonga ngazi mpya juu kidogo, wakazishikiza kwa mawe makubwa zaidi, na mpaka naondoka zilikuwa zimesimama. Sitaki kuwadanganya kwamba ni sisi tuliozisimamisha. Maji yalikuwa chini mwaka ule na mvua ilichelewa, na mtu makini angetaka msimu mwingine mmoja au miwili kabla ya kusema lolote. Ninachoweza kusema ni kwamba hawajaenda kwa ndovu.

Siku yangu ya mwisho nahodha alinichukua tukaenda pamoja. Nilitembea polepole kwa sababu ya mgongo, naye akajifanya anakagua miti. Nilipomwamkia Mama Mbeyu, nahodha alianza kumwambia mimi ni nani. Akamkatiza.

"Huyu namjua. Boti ikija twaona kisogo chake. Ikienda zake ndipo atutazama."

Akanifungia mchicha kwenye jani la mgomba. Nilirudi nao Ukunda magotini, na mke wa mjomba akasema una mchanga.

Kiti sasa ni chenu. Mtu asikae ngazi ya nyuma, kamba ivutwe mara moja, na mwendo usibadilishwe mbele ya akina mama, hata wakiinua mikono. Kabla ya kujaza mifuko, shikeni njia iliyo kulia kwa kibanda cha majaketi. Ina umande, kwa hiyo vueni viatu au vaeni vya mpira. Mama Mbeyu huulizwa kwanza habari za dada yake, na hapendi kusalimiwa na mtu aliyesimama kama anaondoka.